Kumzoesha kijibwa kizimba kwenye nyumba ya kupanga, nilivyofanya mimi hapa Kigoma

Nianze na masharti ya mama mwenye nyumba maana bila hayo nisingejua haya yote. Tumepanga huku Mwanga, nyumba ya ua, vyumba sita, choo kimoja, bomba moja, na kuna kipindi vibaka walikuwa wanaruka ukuta wanachukua chochote, leo sufuria kesho mtungi wa gesi, siku moja waliondoka hadi na nguo mbichi kwenye kamba. Nikamfuata huyo mama mwenye nyumba, sisi tunamwita bibi, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nikamwambia nataka kuleta mbwa. Akanyamaza kidogo afu akasema lete, lakini asiguse ndoo yangu ya udhu, asikanyage mkeka wangu, na usiku asinililie. Ye ni mtu wa swala tano, na kwa madhehebu yao mate ya mbwa ni najisi, yakigusa chombo kinaoshwa mara saba na moja kati ya hizo ni kwa udongo. Kwa hiyo hapo hakuwa na roho mbaya hata kidogo, mbwa wa ulinzi anamkubali, asichotaka ni kushinda anaosha ndoo.

Sasa kijibwa cha miezi miwili utamwambiaje hayo? Mkeka haujui, udhu haujui, na kulia usiku ndo kazi yake. Hapo ndo nikaingia kwenye habari za kizimba, yaani tundu la waya la kumlaza mbwa.

Nasema kizimba ila we ita unavyotaka, tundu, keji, kibanda, vyovyote. Usiite kreti tu maana fundi atakutafutia la soda. Na kijibwa mwenyewe anaitwa Mgebuka, kwa sababu siku anakuja alikuwa mwembamba mrefu anateleza mkononi kama yule samaki wa ziwani, jina likaganda hapo hapo.

Kinachofanya kizimba kisaidie ni kitu kimoja, mbwa hapendi kujisaidia pale anapolala. Akiwa mdogo kabisa mama yake anamlamba na kusafisha kila kitu, akianza kutembea tu unamuona anajivuta pembeni kukojoa. Kwa hiyo ukimpa sehemu ya kulala inayomtosha yeye peke yake anabana, kadiri kibofu kinavyoruhusu, akishindwa anakuita, na ukimtoa saa hiyo hiyo ukampeleka sehemu yake anajifunza njia. Mengine yote, kandambili kutafunwa, waya wa chaji kukatwa, kuwafuata watoto wa watu barazani, yanapungua yenyewe maana ule muda ambao huna macho ya kumwangalia yeye yuko kwake kalala. Na kitoto cha mbwa kinalala sana, kwa siku saa 18 ni kawaida, asipopata pa kulala pametulia anakuwa kama mtoto aliyekosa usingizi, anang'ata kila mtu afu mnasema ana kichaa.

Kuna jambo linabidi lisemwe hapa. Kumfungia mbwa huku kwetu hatujaanza leo. Asubuhi anasukumwa bandani kwa fimbo, saa mbili usiku anafunguliwa, siku nzima amelala juu ya mavi yake anabwekea kila kivuli, na watu wanasema mbwa akifungiwa ndo anakuwa mkali. Anakuwa mkali kweli, hata kwa mwenye nyumba. Hiyo siyo ninayoielezea hapa, na ukichanganya hivi viwili utaharibu mbwa wako ndani ya wiki moja. Kwenye hii yangu mbwa anaingia kwa miguu yake, mlango unafungwa kwa muda anaouweza, na unafunguliwa kabla hajauchukia. Ukishika hapo, hata ukikosea kwingine utarekebisha.

Umri. Mchukue akiwa na wiki nane hivi. Najua mtaani mbwa akizaa watu wanaanza kugawana vitoto vikiwa na wiki nne au tano, eti bado vidogo vitazoea haraka. Vinazoea lakini vinalia mno, na pia vinakuwa havijafundishwa na ndugu zao kwamba meno yanauma, maana vikichezeana vikang'atana ndo vinajifunza kupunguza nguvu. Mi Mgebuka nilimwacha kwa mama yake mpaka wiki ya nane ingawa jamaa alikuwa ananipigia simu kila siku njoo chukua huyu anamaliza ugali.

Haya, fundi.

Vizimba vya kununua vipo ila kuagiza mpaka kifike huku ni gharama na usumbufu, na fundi wa kuchomelea yeyote anaweza kukutengenezea. Vipimo mpe kwa futi. Mbwa wetu wa kienyeji akikua kabisa anaingia vizuri kwenye kizimba cha urefu futi 3, upana futi 2, kimo futi 2 na inchi mbili tatu juu. Kama wako ni chotara la jemani shepadi ongeza, urefu futi 4 na kimo futi 2 na nusu. Kanuni yenyewe ni asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale amejinyoosha, basi. Fundi wangu alipoona mchoro akaniuliza kaka hili la kuku wangapi, nikamwambia la mbwa mmoja, akaniangalia, akasema mbwa mmoja ana nyumba kunizidi.

Sasa kosa ambalo wengi wanafanya ni kumweka kijibwa mdogo kwenye kizimba kikubwa cha ukubwani bila kukikata. Anafanya chumba na choo, kona hii analala kona ile anakojoa, na hapo faida yote imekufa. Mwambie fundi akuwekee ukuta wa kati unaohama, mi yangu ni kipande cha ubao tu kimepigwa ndoano mbili za waya, kila anapokua nakisogeza nyuma.

Nafasi kati ya waya na waya isizidi vidole viwili, kichwa kikipita shingo inabaki. Ncha za waya zote zisagwe na grainda, pitisha mkono wako ndani kila kona, mi wa kwangu ulichanika kidogo nikamrudishia fundi. Rangi ikipakwa kiache kizimba juani siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa, kijibwa atalamba hizo waya kama pipi. Komeo liwe nje na libane vizuri. Chini usiache waya tupu, vidole vinanasa, weka plaiwudi au ubao, juu yake kiroba kilichofuliwa, juu yake sweta yako kuukuu ambayo hujaifua, harufu yako inasaidia kuliko blanketi jipya. Ila akianza kula nyuzi za sweta itoe, alale kwenye kiroba tu mpaka akili imkae.

Na hii isikilize vizuri, ndani ya kizimba haingii na mkanda wa shingoni wala kamba. Vua. Mkanda ukinasa kwenye waya na we umeenda kazini utarudi ukute amejinyonga.

Kukiweka wapi? Vitabu vingi vya wenzetu vinasema sebuleni watu wanapokaa, usiku chumbani karibu na kitanda. Sababu yake ni nzuri, kijibwa kaondolewa kwenye joto la ndugu saba, ukimtupa peke yake nyuma ya nyumba atalia mpaka sauti iishe. Kama ni nyumba yako na huna shida na mbwa ndani, fanya hivyo. Kama ni nyumba ya kupanga kama yangu mambo yanategemea. Mi nilimuomba bibi ruhusa ya kumlaza chumbani kwangu wiki tatu za mwanzo, akasema chumba ni chako mwanangu kodi si unalipa, ila njia yake ya kutoka iwe mlango wa nyuma asipite barazani. Baada ya hapo kizimba kikahamia kibarazani kwa nyuma, chini ya bati, hatua kidogo kidogo, kwanza mlangoni kwa ndani siku mbili, afu mlangoni kwa nje, afu pale kinapokaa sasa.

Ukikiweka nje huku Kigoma fikiria vitu viwili. Cha kwanza jua. Bati la saa saba mchana mwezi wa tisa wa kumi unalijua mwenyewe, na mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema ulimi nje, kwenye kizimba hana pa kukimbilia. Kama ni mahali ambapo we mwenyewe huwezi kukaa nusu saa bila kulalamika, na ye usimweke. Maji yawepo mchana, bakuli zito lifunge na waya pembeni maana atalipindua alifanye mchezo.

Cha pili ni siafu. Hili sijawahi kuliona limeandikwa kokote kwenye mambo ya kufundisha mbwa na ndo lingeniua mbwa. Mvua zikianza mwezi wa kumi, wa kumi na moja, siafu wanatembea usiku, na kila mtu anayefuga kuku anajua wakiingia bandani asubuhi unakuta nini. Mbwa aliye huru ananyanyuka anahama, aliyefungiwa hawezi. Usiku mmoja nikamsikia Mgebuka analia sauti ambayo siyo ile ya kuomba kutoka, kali, ya kukatika katika, nikatoka na tochi nikakuta msitari umeshafika mguu wa kizimba na ye ana kama kumi kumi hivi kwenye vidole. Tokea siku ile kizimba kina miguu, inchi sita, na kila mguu umesimama kwenye kopo lenye maji na oili chafu kidogo, kama watu wanavyofanya kabati la chakula. Oili usiijaze, na makopo yakae kwa nje ambako ulimi haufiki. Na majivu nazungushia kipindi cha mvua. Kama huwezi hayo basi msimu wa mvua alale ndani.

Sasa mafunzo yenyewe. Naanza na nilivyokosea.

Nimemleta Jumamosi jioni, nimeshajenga kasri langu, nikamtia ndani nikafunga nikazima taa. Jamani. Alilia kuanzia saa nne usiku. Saa nane jirani akagonga ukuta. Saa tisa nikashindwa nikamtoa nikamlaza kitandani, akanyamaza papo hapo. Usiku wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Asubuhi ya Jumanne bibi ananiuliza mwanangu, jana huko kwako kulikuwa na msiba? Nikaona aibu. Kumbe ndani ya siku tatu nilikuwa nimemfundisha mbwa kitu kimoja kizuri sana, kwamba ukilia saa tano mfululizo mlango unafunguka.

Nikaanza upya. Mlango nikaufunga na kamba ukae wazi, usipigepige, maana ukimgonga mgongoni mara moja hiyo safari imeisha. Afu nikachukua dagaa. Hapa ndo sisi watu wa Kigoma tuna bahati kuliko hao wenye biskuti za mbwa, dagaa mmoja mkavu ni kidogo, ananukia, mbwa anaacha kila kitu. Waoshe mchanga kwanza, hasa wale walioanikwa chini, afu waanike tena, weka kwenye kopo lenye mfuniko karibu na kizimba. Siku za mbalamwezi wavuvi hawatoki na taa na mwaloni Kibirizi, wanakoshusha samaki, bei inapanda, kwa hiyo nunua kisado mapema, dagaa wa mbwa ukichukua kwenye mboga ya nyumbani mtagombana.

Siku ya kwanza ya kuanza upya kazi ilikuwa moja. Natupa dagaa mlangoni, anakula, natupa nyingine hatua ndani, anaingiza kichwa anatoa, natupa ya nyuma kabisa, anaingia anakimbia nayo. Sisemi kitu, sifungi. Chakula chake cha jioni, ugali na dagaa wa kuchemsha, nikaliweka bakuli pale pale mlangoni, kesho yake katikati, keshokutwa mwisho kabisa. Kama mbwa wako muoga akabaki mlangoni siku nne, kaa nae mlangoni siku nne. Usimsukume matako. Kila mtu anataka kumsukuma matako.

Akiwa anaingia bila kufikiria ndo unaweka neno. Mi langu ni "kwako". Nasema kwako, natupa dagaa, anaingia. Baada ya siku mbili nasema kwako kabla ya kutupa, anaingia mwenyewe anageuka kunidai. Watu wengi wanasemesha mbwa Kizungu, kamu, siti, goo, na ni ruksa tu, mbwa hajui lugha anajua sauti, ila chagua neno moja na nyumba nzima mlitumie hilo hilo, siyo we unasema kwako, mke anasema ingia, mtoto anasema nenda kalale.

Mlango unaanza kuufunga wakati anakula. Funga, kaa pembeni, akilamba bakuli la mwisho mwisho fungua kabla hajainua kichwa kukutafuta. Mlo unaofuata subiri dakika moja baada ya kumaliza. Afu tatu. Afu tano. Afu rudi mbili, usiwe unapanda tu kila siku maana atagundua kwamba mambo yanazidi kuwa mabaya. Ukifika dakika kumi ametulia, nyanyuka, zunguka ua, rudi, kaa, fungua. Afu toka getini urudi. Ukifika nusu saa ametulia na we huonekani, hapo unaweza kwenda sokoni na roho yako imetulia. Mi ilinichukua siku kumi na moja hivi, jirani yangu mmoja wa Gungu alifanya kwa siku tano, mwingine mwezi, mbwa na mbwa wanatofautiana.

Kitu kinachosaidia mno ni kumwingiza akiwa amechoka na ameshakojoa. Cheza nae, mkimbize uani, mpeleke sehemu yake, akikojoa msifie, afu ndo kwako. Mbwa mwenye nguvu zote na kibofu kimejaa ukimfungia unatafuta ugomvi.

Kuhusu kulia, maana najua wengi mtaruka mpaka hapa. Kuna kilio cha "nitoe nacheza" na kuna kilio cha "nimebanwa". Cha kwanza kinaanza ukishafunga tu, kinapanda, kinasikiliza kama unakuja, kinaendelea. Cha pili kinakuja katikati ya usingizi, kimya kimya kwanza, anahangaika, anazunguka, afu analia kwa kifupi. Cha kwanza usikijibu, usimwambie nyamaza, hata kumfokea ni kumjibu, subiri akate pumzi, sekunde tano za ukimya, hapo ndo unafungua au unatupa dagaa. Kama akilia zaidi ya dakika kumi na tano mfululizo basi umeruka hatua, kosa ni lako, kesho rudi nyuma kwenye dakika alizokuwa anaziweza. Cha pili unaamka mara moja, unambeba, usimwache atembee maana atakojoa njiani, unamweka sehemu yake, unasema kojoa, unasubiri dakika tano, akikojoa sifa kidogo ya kunong'ona, unamrudisha. Taa usiwashe, stori hakuna, mchezo hakuna. Akijua usiku kuna sherehe atakuamsha kila saa.

Kanga juu ya kizimba nayo inasaidia, giza linamtuliza, ila acha upande mmoja wazi hewa ipite. Na usiku wa kwanza kabisa, ukienda kumchukua, nenda na tambara umpanguse nalo mama yake afu uliweke ndani ya kizimba. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa nguo pia, ya kumpa joto siyo ya kumuunguza.

Ratiba ya kibofu. Hesabu inayotumika ni miezi ya umri ongeza moja, hizo ndo saa anazoweza kubana mchana kwa juu kabisa. Wa miezi miwili saa tatu, na hapo umembana kweli, mi nilikuwa namtoa kila baada ya saa mbili. Wa miezi mitatu saa nne. Chini ya miezi sita, mchana usimbane zaidi ya hizo saa nne hata kama anaweza. Usiku anakwenda zaidi kidogo kwa kuwa amelala. Chakula cha mwisho kama saa tatu kabla hujalala, maji nayo toa saa moja kabla, mkojoze saa nne usiku, weka alamu saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri. Ya saa kumi na moja kwangu ilikuwa rahisi, adhana inalia, bibi anaamka, mi natoka na mbwa, tunapishana, yeye kwenye ndoo yake sisi kule kwenye mgomba. Akifikisha miezi mitatu alamu ya saa nane nikaifuta. Muda mwingine wa kumtoa ambao hauna mjadala ni akiamka tu, akimaliza kula dakika kumi na tano, na akimaliza kucheza.

Wanaofanya kazi kutwa nzima mtaniuliza sasa sisi je. Hakuna ujanja hapo, mtu inabidi awepo. Mi nilikubaliana na kijana wa jirani, akitoka shule mchana anapita, anamtoa, anamkojoza, anacheza nae nusu saa, anamrudisha, namlipa shilingi 500 kwa siku. Kama huna mtu basi kijibwa ashinde kwenye kieneo kilichozungushiwa uani chenye kivuli, kizimba kiwe ndani yake mlango wazi, atakojoa humo ila atalala kwake. Kumfunga kwa saa nane mfululizo kwenye kizimba ni kumlazimisha kukojoa anapolala, na akishazoea hilo mara chache hizo sifa zote nilizoeleza juu zinakufa na kuzirudisha ni kazi.

Akikojoa ndani ya nyumba na we umemkuta baada, safisha unyamaze. Kumsugua pua kwenye mkojo ni ujinga wa kurithi, anajifunza kwamba ukiona mkojo unakuwa mkali, kwa hiyo atakojoa nyuma ya kochi usione. Ukimkuta katikati piga kofi moja hewani, mbebe, mpeleke nje amalizie. Kusafisha, maji mengi na sabuni kwanza, afu siki kidogo, ukaushe. Wengi wanakimbilia kumwaga jiki juu ya mkojo wenyewe, ile moshi inayokaba koo hapo ni mbaya kwako na kwake, kama lazima utumie jiki basi siki iache kabisa, na mkojo uwe umeshaoshwa wote.

Akiwa anachafua kizimba kila siku wakati muda unauzingatia, angalia mambo haya, kizimba kikubwa mno, au matandiko yananyonya mkojo hasikii unyevu, au tumbo. Minyoo ni ya kawaida sana kwa vitoto vyetu, tumbo gumu kama ngoma mbavu zinaonekana, dawa ya minyoo anapewa kuanzia wiki ya pili ya maisha na kurudiwa kila wiki mbili mpaka afike wiki 12. Kuhara damu na kutapika usisubiri dawa ya kienyeji, hiyo inaweza kuwa pavo, ugonjwa wa virusi vya mbwa, inaua kijibwa ndani ya siku chache, kimbia kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Chanjo zake zinaanza wiki ya sita mpaka ya nane zinarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, hiyo ni kwa ajili yake na kwa ajili ya watoto wote wa ua huo.

Watoto sasa. Kanuni mbili tu nimeweka pale uani, mtoto haingii ndani ya kizimba hata kama ni mchezo wa nyumba-nyumba, na hakuna kuchomeka kijiti kwenye waya. Mbwa akiwa kwake haguswi. Na mkubwa nae ana kanuni yake, kizimba hakitumiki kama adhabu. Katafuna kiatu, umekasirika, unamshika shingo unamtupa ndani na kubamiza mlango, kesho ukisema kwako atakukimbia mpaka Ujiji.

Cha kutafuna kumwachia ndani ni mfupa mbichi wa ng'ombe mkubwa kuliko kichwa chake, na ukae karibu mara za kwanza. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka ncha kali. Na magunzi ya mahindi hapana kabisa, najua tunawatupiaga, linaingia zima linakwama kwenye utumbo na hapo ni kupasuliwa au kufa.

Meno yanabadilika kuanzia miezi minne hadi sita saba, kipindi hicho atarudi nyuma kidogo, atalia tena, atatafuna ubao wa kati. Vumilia. Ubao wenyewe mi niliusogeza alipofika miezi minne, nikautoa kabisa miezi sita baada ya wiki tatu mfululizo bila ajali. Miezi saba akaanza kulala nje huru usiku kufanya kazi iliyomleta, na kizimba mlango ukarudi kufungwa na ile ile kamba yangu ya mwanzo ukae wazi. Mchana anaingia mwenyewe analala, simwambii. Namfungia saa moja tu, saa kumi mpaka kumi na moja jioni, watoto wa madrasa wanapokuja kusoma barazani kwa bibi. Nasema kwako, nampa mfupa, nashusha kanga.